Kutunga ni Kazi Moja

Katika lugha yetu liko neno moja lenye kazi nyingi, nalo ni neno kutunga. Msichana hutunga ushanga. Malenga hutunga shairi. Mwanafunzi hutunga insha. Bunge hutunga sheria. Hata jipu nalo hutunga usaha. Wazee wetu hawakuwa wachache wa maneno hata wakalitumia hili moja mahali pote. Nadhani waliona kuwa kazi ni ile ile. Mtu huchukua vitu vidogo vidogo, akavipanga katika uzi mmoja kwa kanuni anayoijua, hata kikatokea kitu ambacho hakikuwamo katika ushanga mmoja wala katika neno moja.

Ndugu wasomaji, nimelianza jambo hili kwa neno hilo kwa sababu nataka kuwaeleza habari ya Chama chetu cha Jumamosi, ambamo sanaa ya kuchora, ngoma na kompyuta hufundishwa pamoja kama somo moja. Wengi hapa shuleni hutuona tukipiga makofi mbele ya kompyuta wakacheka. Wengine husema ya kuwa tunapoteza wakati, na hasa sisi wa Kidato cha Nne ambao mtihani umetukaribia. Nami nitaondoka mwaka huu. Kwa hiyo yafaa niseme niliyoyaona kabla sijaondoka, ili wanaobaki wajue wanalinda kitu gani.

Kwanza nieleze tunavyofanya, maana jambo hili halina siri. Mwalimu wetu hutupa daftari la hesabu lenye vyumba. Kila mtu huchora mstari wa vyumba 12. Kisha hutuambia tupake wino katika chumba cha 1, cha 4, cha 7 na cha 10. Yaani kila baada ya vyumba vitatu. Chini yake twachora mstari wa pili wa vyumba 12, na huu twapaka cha 1, cha 3, cha 5, cha 7, cha 9 na cha 11. Yaani kila baada ya viwili. Hapo tumekwisha pata picha. Ni picha ndogo, lakini ni picha, na mtu aweza kuiendeleza mpaka ikajaza ukurasa.

Baadaye Mwalimu hutugawa makundi mawili. Kundi moja hupiga ngoma kila lifikapo chumba cheusi cha mstari wa kwanza, na kundi la pili hupiga makofi kwa mstari wa pili. Mara ile picha huanza kulia. Tatu zapambana na mbili, na masikio hayajui yafuate upande gani. Lakini ukisikiliza vizuri utasikia makundi yote mawili yakikutana katika chumba cha 1 na cha 7. Mwalimu huuliza, "Kwa nini wakutane hapo?" Kila aliyesoma Hisabati za shule ya msingi ajua jibu: Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3 ni 6. Mimi nilijifunza K.D.S. nikiwa mdogo, nikapata vyema vyote, lakini sikupata kuisikia kwa masikio yangu mpaka siku ile.

Mwisho twakaa mbele ya kompyuta na kuandika kanuni ile ile kwa amri chache. Anza chumba cha kwanza. Ikiwa chumba ni cheusi, piga. Kama si cheusi, nyamaza. Nenda chumba kinachofuata. Rudia mpaka vyumba 12 viishe, kisha anza tena. Hiyo ndiyo programu nzima. Na jambo lililonishangaza ni hili: ukiondoa neno "piga" ukatia "paka rangi", programu haibadiliki hata kidogo zaidi ya hapo. Mashine iliyokuwa ikilia sasa yachora. Ndipo nilipofahamu kuwa mchoro, mdundo na programu ni ndugu wa tumbo moja. Kanuni ni moja, mavazi ni matatu.

Yako mengine mengi yapatikanayo kwa vyumba hivyo. Mwanamuziki mmoja wa Marekani, Steve Reich, alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na mwaka 1972 akatunga kipande cha muziki kinachopigwa na watu wawili kwa makofi matupu. Wote wawili hupiga mdundo mmoja wa vyumba 12. Mmoja hubaki pale pale, na mwenziwe husogea chumba kimoja baada ya muda, kisha kingine, mpaka baada ya kusogea mara 12 wakakutana tena kama walivyoanza. Hakuna ala, hakuna gharama. Sisi tulikijaribu chini ya mwembe, na wa kwanza kupotea njia alikuwa kiranja wetu wa muziki!

Tena jirani zetu wa Uganda wana amadinda, marimba makubwa ya Buganda yenye mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Mmoja hupiga sauti zake kwa mwendo sawasawa, na wa pili huingiza zake katikati ya zile za mwenzake. Hapana hata mmoja kati yao anayeupiga wimbo wenyewe. Wimbo hupatikana pale sauti za wawili zinaposukana. Kisha wa tatu, mwenye mbao mbili tu za mwisho, huokota sauti fulani fulani kutoka humo na kuzirudia kwa juu. Wataalamu huuandika muziki huo kwa tarakimu 1 hadi 5, maana sauti zake ni tano. Mwenye kompyuta akitazama karatasi hiyo ataiona kama programu mbili zinazokwenda kwa pamoja, na jibu halimo katika moja wala katika nyingine.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya ngoma. Kiswahili kina nini na kompyuta?" Basi nimwambie juu ya kazi tuliyopewa muhula uliopita. Tulitakiwa kuandika programu ya kuhesabu mizani ya shairi. Kila mtu ajua kuwa shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8. Mwanzoni kazi ni nyepesi, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Hesabu irabu utapata mizani. Lakini neno "mtu" lina irabu moja na mizani miwili, kwa sababu m yake ni silabi yenyewe. Haya, tukaongeza kanuni ya m. Ndipo Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili: mbuzi na mbuyu. Mbuzi ana mizani miwili. Mbuyu una mizani mitatu. Herufi za mwanzo ni zile zile. Akaongeza mengine mawili: mvua na mvuvi. Mvua ni mizani miwili, mvuvi ni mitatu.

Darasa zima lilibishana. Mwishowe tuliona kuwa tofauti iko katika ngeli: mbuyu huwa mibuyu, na mvuvi huwa wavuvi, kwa hiyo m ile ni kiambishi, nayo husimama peke yake, lakini mbuzi mmoja ni mbuzi na mia ni mbuzi. Mashine haiwezi kuhesabu mizani mpaka ifundishwe ngeli, na sisi hatukuweza kuifundisha mpaka tulipofahamu wenyewe. Nimesoma ngeli tangu shule ya msingi. Siku hiyo ndiyo niliyoona kuwa ngeli zina sauti. Nawaambia kweli, hakuna mtihani wa Kiswahili ulionifundisha ngeli kama zile saa mbili za kompyuta.

Wala wazo hili si geni. Mwaka 1804 huko Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alionyesha chombo chake cha kufumia nguo. Maua na majani ya nguo yaliandikwa kwa matundu katika kadi ngumu. Palipo na tundu uzi huinuka, pasipo na tundu hubaki chini. Charles Babbage wa Uingereza alizitwaa kadi hizo katika mpango wa mashine yake kubwa ya hesabu, ambayo haikumalizika kujengwa. Naye bibi mmoja Mwingereza, Ada Lovelace, akaeleza mwaka 1843 ya kuwa mashine hiyo ingefuma hesabu kama chombo cha Jacquard kifumavyo maua, na ya kuwa siku moja ingeweza hata kutunga muziki, kama uhusiano wa sauti ungeandikwa kwa kanuni. Yaani kabla kompyuta haijazaliwa, mtu alikwisha ziona kazi tatu zikiwa pamoja: nguo, hesabu na wimbo.

Mtu mwingine ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Yeye na wenzake walitunga mwaka 1967 lugha ya kompyuta iitwayo Logo, kwa ajili ya watoto. Mtoto humwamuru kobe kwenda mbele na kugeuka, na kobe huacha alama apitapo. Ukimwambia aende hatua kumi, ageuke nyuzi 90, arudie mara nne, amechora mraba. Nimefurahi kuwa walimchagua kobe, maana katika hadithi zetu kobe hashindi kwa mbio ila kwa kujua hatua inayofuata. Kobe yule bado yuko katika programu za leo, nasi humtumia.

Hapa kwetu kompyuta iliingia kwa mlango mwingine. Ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu za Serikali. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla mlango haujafunguliwa. Labda ndiyo sababu watu wengi bado huiona kuwa ni mashine ya karani: ya mishahara, ya stakabadhi, ya kuchapia barua. Mtu akisema aenda kujifunza kompyuta, nyumbani hufahamu kuwa atapata kazi ofisini. Hapana anayefahamu kuwa aenda kutunga.

Sasa nifike katika jambo lililonigusa mimi mwenyewe. Kwetu ni Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Bibi yangu, mama yake Baba, ni msusi wa mikeka ya ukindu tangu utotoni. Yeye huusuka ukili, kisha huushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukatimia. Uko mkeka mmoja ambao hapana mwingine kijijini ausukao, wenye alama nyeusi zinazokwenda mshazari. Bibi huiita alama hiyo njia ya siafu. Aliifundishwa na mama yake. Shangazi zangu wawili wako Dar es Salaam, nao hununua mikeka ya plastiki, kwa maana ni rahisi na huoshwa kwa maji. Sasa macho ya Bibi yameingia ukungu. Anasuka kwa vidole tu. Nilipotambua hayo likizo ya Juni, niliingiwa na hofu, maana nilijua kuwa siku mikono yake itakapochoka, njia ya siafu itakwisha duniani.

Nilikwenda nikamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaniitikia, "Marahaba mume wangu," kama ilivyo desturi ya mabibi wa Pwani na wajukuu wao. Nikamwomba anifundishe. Alicheka sana. "Mume wangu, huko shuleni wamekushinda hata urudi kusuka mikeka na wanawake?" Nikamwambia sitaki kusuka, nataka kuiandika. Akasema, "Haya, andika."

Lakini haikuandikika. Nilipomwuliza ainue chane gani, hakuweza kusema. Nilipomwomba asuke polepole, vidole vyake vilipotea. Akisuka kwa mwendo wake, havikosei. Nilikaa siku mbili na daftari tupu. Siku ya tatu nilisikia jambo ambalo nilikuwa nikilisikia tangu nikiwa mtoto, nami sikupata kulitia maanani: Bibi huimba kwa ndani akisuka. Si maneno, ni mvumo tu wa puani, mfupi, unaorudi tena na tena. Na kila mvumo ulipofika mwisho, chane nyeusi iliinuka. Alikuwa hahesabu kwa namba. Alikuwa akihesabu kwa wimbo.

Basi niliacha kutazama mikono, nikasikiliza. Mvumo ulikuwa na mapigo 8. Ukili wake una chane 13. Nikachora vyumba 13 kwenda kulia, mstari chini ya mstari, nikapaka wino kila pigo la nane. Mstari wa kwanza ulipata chumba cha 8. Wa pili ukapata cha 3 na cha 11. Wa tatu cha 6. Wa nne cha 1 na cha 9. Nilipofika mstari wa nane wino ulianguka chumba cha 13, cha mwisho kabisa, na baada ya hapo yote yakaanza upya. Katika mistari hiyo 8, kila chane ilikuwa imepata zamu yake mara moja, wala hapana iliyopata mara mbili. Sababu yake ni kuwa 8 na 13 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo haziwezi kukutana mpaka 104, ambayo ni 8 mara 13. Bibi hakupata kukaa darasani hata siku moja. Lakini yeye, au mama yake, au bibi yake, alizichagua namba mbili ambazo huzuia siafu kukanyaga nyayo zao wenyewe, na akazificha ndani ya wimbo ili zisipotee.

Niliporudi Kibaha niliiandika kwa kompyuta. Ilichukua amri sita. Ilichora njia ya siafu katika kioo, na nilipobadili neno moja ikaipiga kwa sauti. Likizo iliyofuata nilimpelekea Bibi karatasi iliyochapwa, na sauti nikaitia katika simu ya Baba. Karatasi aliishika karibu na jicho, akaipapasa. Akasema, "Huu ni mkeka wa kutazamwa. Mkeka hulaliwa." Kisha nikamsikilizisha sauti. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndio wenyewe. Lakini mashine yako haivuti pumzi."

Maneno hayo mawili nimeyafikiri sana, na naona yote mawili ni kweli. Programu yangu yajua zamu ya kila chane, lakini haijui ukindu ulionyauka na unaotaka kuloweshwa, wala haijui kukaza ukili pembeni usifumuke. Kwa hiyo sidai kuwa nimeuokoa mkeka wa Bibi. Niliuokoa wimbo wake na hesabu yake. Mkeka wenyewe hauna budi kusukwa na mikono. Hata hivyo liko jambo lililofuata. Binamu yangu wa kike, mwenye miaka 12, aliiona karatasi ile ukutani akataka kuijaribu. Sasa hukaa na Bibi jioni, anafuata vyumba vyeusi kwa macho huku Bibi akivuma. Mwezi uliopita aliniletea habari kwa simu kuwa amekwisha pata pima moja ya ukili. Bibi asema umelegea, lakini siafu wanakwenda njia yao.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu. Wako wasemao kuwa mtu sharti achague: au sayansi, au sanaa. Hata Baba, ambaye ni fundi seremala, alinionya, "Msumeno haukati mbao mbili kwa mara moja." Nilimjibu kwa heshima kuwa yeye mwenyewe, kabla ya kununua ubao, huugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama umeoza ndani, halafu huupima kwa rula, halafu huutia nakshi. Je, hiyo si sauti, hesabu na mchoro katika mlango mmoja? Baba alicheka, akasema tungoje kwanza matokeo ya mtihani. Katika machaguo yangu ya Kidato cha Tano nimetanguliza Fizikia, Hisabati na Kompyuta. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi nyingi mpya, na zimo pia zenye masomo ya sanaa. Huenda watakaonifuata wakapata njia pana kuliko yangu.

Wako wengine wasemao kuwa hatuna vifaa. Ni kweli kompyuta zetu ni chache, na umeme hukatika. Lakini mengi niliyoyaeleza hapa hufanyika kwa daftari la hesabu, kalamu na viganja viwili. Umeme ukikatika sisi hutoka nje, tukachora vyumba mchangani na kutumia kokoto. Kompyuta huja mwisho, kama mtihani wa kuona kwamba tumefahamu. Maana mtu waweza kumdanganya kwa kutikisa kichwa, lakini mashine hufanya lile tu uliloliamuru.

La tatu ndilo lililo zito. Nimesikia habari kuwa mwaka ujao chumba chetu kitagawanywa: kompyuta zibaki na kufuli lao, na ngoma pamoja na rangi zihamishiwe stoo ya majembe. Nia ni njema, ili vumbi la ngoma lisiharibu mashine. Nami kwa unyenyekevu naomba lifikiriwe tena. Vumbi hufutwa kwa kitambaa, na sisi wanachama tuko tayari kuweka zamu ya kufuta kila Ijumaa. Lakini vitu hivyo vikitengwa, kompyuta zitarudi kuwa mashine za karani, na ngoma zitangoja siku ya mahafali.

Tena tukumbuke tulipo. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa nchi yetu na Denmark, Finland, Norway na Sweden, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa Serikali yetu. Waliolianzisha hawakujenga shule peke yake. Waliweka elimu, afya na kilimo mahali pamoja, kwa kuwa ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watembeao pamoja. Na huko Kisarawe, katika shule ya Minaki iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1925, vizazi vya vijana vilisoma vitabu chini ya vilima ambamo Wazaramo walikuwa wakichonga, wakisuka na kucheza mdundiko. Vitabu vilikuwa ndani, na ngoma ilikuwa nje ya dirisha. Kizazi chetu kina bahati ya kuweza kuviweka katika chumba kimoja.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu waje Jumamosi baada ya usafi. Msije mikono mitupu. Kila mmoja, akienda likizo, amtafute mzee mmoja wa kwao ajuaye kusuka, kuchonga, kupiga ngoma au kutunga mashairi. Asimwulize kanuni, maana huenda mzee hawezi kuitaja. Bali akae naye na kusikiliza mpaka aisikie. Kisha airudishe hapa katika vyumba 12, au 13, au vyovyote itakavyotaka, tuitunge pamoja. Wazee hawatungoji, na daftari la hesabu halina bei kubwa.